Anza na tari: mwongozo kamili wa kuunda bendi ya muziki wa jadi wa Italia isiyotumia umeme

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti, watu hukusanyika mbele ya kanisa la San Rocco huko Torrepaduli, kijiji cha Salento, kule kwenye kisigino cha ramani ya Italia. Wapiga matari husimama duara, bega kwa bega, na ngoma haikatiki mpaka alfajiri. Mara ya kwanza nilipofika pale nilikuwa na miezi michache tu tangu nihamie Lecce, mji wa hukohuko Salento, na masikio yangu yalikuwa bado ya Tanga. Nilisimama nyuma ya duara nikasikia kitu ninachokijua: ngozi ya mbuzi, visahani vya bati vikilialia, na mapigo matatu matatu yanayokimbizana kama ya chakacha. Tari nimelipiga kwenye maulidi tangu utotoni, nikadhani usiku uleule ningeweza kuingia. Sikuweza. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwa nini.

Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza usiku ule. Nawaandikia wenzangu wanaoishi Italia na kwingineko Ulaya, na pia vijana wa Malindi na Watamu, ambako Waitaliano ni wengi na bendi za hoteli huombwa nyimbo za kwao karibu kila wiki. Muziki huu ni wa kuchezwa. Bendi yake hupimwa kwa miguu ya wachezaji, na miguu hiyo husikiliza tari kabla ya kusikiliza kitu kingine chochote. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zinazunguka hapo.

Hatua ya 1: Chagua mahali, usichague nchi

Dola ya Italia ilizaliwa mwaka 1861. Vijiji vilikuwa vikiimba na kucheza kabla ya hapo, kila bonde na lahaja yake, kila kisiwa na vyombo vyake. Bendi inayosema inapiga "muziki wa Kiitaliano" kisha ikachanganya kila kitu ni sawa na kikundi kinachosema kinapiga "ngoma za Tanzania" halafu kikatia sindimba, mganda na msewe ndani ya wimbo mmoja. Mwenye masikio atajua papo hapo.

Salento ndiko kwenye pizzica, ngoma ya tari, kodiani na fidla. Campania, kuzunguka mlima Vesuvio, kuna tammurriata, ambayo hupigwa kwa tammorra, tari kubwa lenye sauti nzito, na mdundo wake ni wa mbilimbili. Huchezwa sana kwenye sikukuu za Bikira Maria. Katikati ya nchi, Lazio, Abruzzo na Marche, kuna saltarello, ngoma ya kurukaruka inayoongozwa na kodiani ndogo. Sardinia wana launeddas, mianzi mitatu inayopulizwa na mtu mmoja bila kukata pumzi. Kaskazini, kwenye milima ambako mikoa ya Genova, Alessandria, Pavia na Piacenza inakutana, mfalme ni piffero, zumari la mti linalosindikizwa na kodiani. Na Romagna wana liscio, yaani walsi, mazurka na polka za kumbi za dansi, zilizopata umaarufu mkubwa kupitia mwanamuziki Secondo Casadei.

Ushauri wangu ni kuanza na Salento. Vyombo vyake vinapatikana, akodi zake ni chache, na mtu aliyelelewa na ngoma za pwani ya Afrika Mashariki anaufahamu mdundo wake mwilini hata kabla ya kufundishwa. Mkishakuwa na nyimbo nane za Salento zinazosimama imara, ongezeni tammurriata mbili, kisha saltarello. Launeddas ziacheni kabisa mpaka mpate Msardinia wa kuwafundisha.

Hatua ya 2: Watu watano wanatosha

Mpiga tari, mpiga kodiani, mpiga gitaa, mpiga fidla au mandolini, na mwimbaji ambaye naye anashika tari la pili. Wote waitikie. Besi si lazima. Kodiani ina vifungo vya besi, na mkono wa mpiga gitaa unaweza kuzishika nyuzi nene. Mkiwa wanne, ondoeni mandolini, msimwondoe mpiga tari wa pili.

Katika hao watano, mmoja awe anajua kucheza pizzica, si kuipiga tu. Nitaeleza sababu huko mbele.

Hatua ya 3: Tari

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo bendi nyingi hufa.

Tari la Salento (tamburello) ni fremu ya mti, ngozi ya mbuzi upande mmoja, na visahani vya bati vilivyopangwa jozi jozi pembeni. Ukinunua, ligonge ngozi katikati kwa gumba, usikilize kama sauti ina tumbo, kisha litikise taratibu. Visahani vikilia "chaa" ndefu isiyokoma, waachie wenyewe. Unataka visahani vinavyolia na kunyamaza, vikavu, ili kila pigo lisikike peke yake. Matari ya ngozi ya plastiki ni mazuri kwa mazoezi na kwa siku za mvua, ila kwenye shughuli yenyewe tumia ngozi ya kweli. Ikilegea kwa unyevu, fanya kama nyumbani: iote moto kwa mbali, uizungushe, uipimie sikio. Usiiache juani ndani ya gari. Mimi nimepasua moja hivyo.

Namna ya kushika ndiyo iliyonishinda mwaka ule wa kwanza. Tari la maulidi nilizoea kulilaza na kulipiga kwa vidole, mkono ulioshika ukiwa umetulia. La Salento linasimama wima mbele ya kifua, mkono wa kushoto umelishika kutoka chini, na mkono huo nao unafanya kazi: unalisogeza tari kidogo kulipokea pigo, kisha unalirudisha. Nusu ya sauti inatoka kushoto. Mwalimu wangu, mzee mmoja fundi wa mawe, alinifunga kitambaa kwenye mkono wa kulia akaniambia nilize visahani kwa mkono wa kushoto peke yake kwa wiki moja. Ndipo nilipoelewa.

Mkono wa kulia nao unayumba. Mafundi wanatofautiana, kila kijiji na yake, ila njia ya kuanzia ni hii. Pigo la kwanza ni zito, la upande wa gumba, karibu na ukingo. La pili ni jepesi: kiganja kinainama na ncha za vidole zinagusa ngozi upande wa juu. La tatu kiganja kinarudi na kitako chake kinagusa upande wa chini. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Kifundo cha mkono kinakuwa kama mlango unaofunguka na kufungwa. Bega halisogei kabisa. Ukihisi bega linauma, basi unapiga kwa nguvu badala ya uzito.

Tumia programu ya simu ya kuhesabu mapigo. Iweke mapigo 70 kwa dakika, kila pigo moja ulijaze kwa matatu yako. Kaa hapo dakika kumi bila kusimama, bila mapambo. Siku ambayo dakika kumi zimekuwa rahisi, ongeza mapigo matano tu. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inachosha, kisha wanafika 120 huku pigo la tatu limemezwa, na ngoma inachechemea. Mchezaji atakwambia hawezi kuichezea bila kujua kasoro iko wapi. Iko kwenye lile pigo la tatu.

Mdundo ukishatulia, tafuta mkazo. Pizzica hupigwa na nguvu mwanzoni mwa kundi la matatu, lakini wapigaji wazuri huusogeza mkazo huo, mara huuficha, mara hupiga mawili juu ya matatu. Mtu wa pwani yetu hili halimshangazi, ni mchezo uleule wa chakacha. Ila usiuingize mapema. Kwanza uwe mtu ambaye wenzako wanaweza kumwegemea.

Na ngozi ya mkono wako: huko Salento utaona matari yenye madoa ya damu, na wengine watakuonyesha kwa fahari. Acha kupiga kabla vidole havijachubuka. Kidonda cha kidole gumba kinakunyima mazoezi wiki mbili, na bendi yenu yote inarudi nyuma na wewe.

Hatua ya 4: Kodiani inaamua funguo

Kodiani kubwa ya piano inafaa na pengine mnayo tayari. Lakini chombo cha wakulima wa kati na kusini ni organetto, kodiani ndogo ya vifungo. Kila kifungo kina sauti mbili: ukisukuma inatoka moja, ukivuta inatoka nyingine. Huko kusukuma na kuvuta ndiko kunakoipa ngoma pumzi, na ndiyo maana wimbo uleule kwenye kodiani ya piano husikika laini mno. Nyingi zinatengenezwa Castelfidardo, mji wa Marche ambako Paolo Soprani alianzisha karakana yake mwaka 1863 na ambao mpaka leo unaishi kwa kodiani.

Ubaya wake ni kwamba organetto ina funguo chache. Ya kawaida imepangwa kwa Sol na Do. Kwa hiyo muulizeni mpiga kodiani kwanza chombo chake kina funguo gani, kisha ndipo mwimbaji atafute sauti yake humo ndani. Nimeona bendi ikipanga nyimbo kumi kwa ajili ya mwimbaji, halafu kodiani ikashindwa nane kati yake. Kama sauti ya mwimbaji haifiki, badilisheni mwimbaji wa wimbo huo au mumpe aimbe chini zaidi. Kubadilisha kodiani ni gharama kubwa.

Hatua ya 5: Nyuzi

Gitaa lifanye kazi ndogo na liifanye vizuri. Pizzica nyingi zinazunguka akodi mbili, La ndogo na Mi, au Re na La. Mpiga gitaa aliyetoka kwenye dansi la rumba atajaribiwa kupamba, kuingiza soloo, kutafuta akodi ya tatu. Mkatazeni kwa upole. Mkono wake wa kulia ufuate tari, matatu matatu, nyuzi zizimwe kidogo kwa kitako cha kiganja. Mkipata chitarra battente, gitaa la nyuzi za chuma zilizo jozi jozi linalopigwa kwa vidole na linalopatikana Calabria na Gargano, basi mmepata kitu kinacholia kama mvua kwenye bati.

Fidla na mandolini zimepangwa sawa: Sol, Re, La, Mi. Mtu anayejua kimoja vidole vyake vinajua njia kwenye kingine, tofauti ni kwamba mandolini ina nyuzi nane, mbilimbili kwa kila sauti, na haina upinde. Fidla ya Salento ina heshima ya pekee, na nitaifikia kwenye hatua ya saba. Ikipigwa, ipigwe kwa upinde mfupi, wenye kukwaruza, karibu bila kutetemesha kidole. Wapiga fidla wa taarabu wenye mkono laini huwa wanataka kuipamba kila sauti, hapa wapunguze.

Hatua ya 6: Sauti na lahaja

Nyimbo hizi haziko katika Kiitaliano cha shule. Ziko katika Kisalento, Kinapoli, Kisardinia, na vijiji kadhaa vya Salento kama Calimera, Martano na Sternatia vina Kigriko, lugha yenye asili ya Kigiriki ambayo wazee bado wanaizungumza. Usitegemee kamusi. Tafuta mtu wa mahali hapo, msomee ubeti mmoja mmoja, umrekodi akiusema kwa mazungumzo ya kawaida kabla hajauimba.

Mswahili ana faida kubwa hapa. Irabu zetu tano ni karibu sawa na zao, na sisi pia tunamaliza maneno kwa irabu, kwa hiyo midomo haisumbuki. Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni konsonanti zinazorudiwa. Kwao *pala* ni sepetu na *palla* ni mpira, *pena* ni adhabu na *penna* ni kalamu. Sisi hatuna tofauti hiyo, tunalitamka fupi kila neno, na msikilizaji anasikia neno jingine kabisa. Kwenye karatasi ya mwimbaji pigeni mstari chini ya kila konsonanti inayorudiwa, mpaka ulimi uzoee kuikalia. Mtego wa pili uko Napoli: huko irabu ya mwisho humezwa, inabaki pumzi tu. Ukiifungua wazi kwa Kiswahili chako kizuri, Mnapoli atatabasamu na hatakuamini tena.

Sauti yenyewe itoke kooni, wazi, ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Nyimbo hizi zilikuzwa na watu waliokuwa wakifanya kazi nje: wavunaji wa ngano, wanawake wa mashamba na viwanda vya tumbaku huko Salento, na kaskazini wale mondine, wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga wameinama ndani ya maji ya bonde la mto Po. Huko Salento kuna uimbaji unaoitwa *alla stisa*, sauti mbili au tatu zinazovutwa ndefu pamoja bila chombo. Ujifunzeni hata kama hamtauimba mbele ya watu. Dakika ishirini za alla stisa mwanzoni mwa mazoezi zinaifunga bendi kuliko saa mbili za kujadili nani aingie wapi.

Chanzo kizuri cha kusikiliza ni rekodi za watafiti wa muziki Alan Lomax na Diego Carpitella, waliozunguka Italia mwaka 1954 na 1955 na mashine yao, wakirekodi wakulima, wavuvi na wachungaji. Nyingi zinasikilizwa bure kwenye intaneti. Sikilizeni hizo kabla ya bendi za kisasa. Ukijifunza kutoka kwa bendi ya kisasa unajifunza mpangilio wao; ukijifunza kwa yule mama wa mwaka 1954 unajifunza wimbo.

Hatua ya 7: Jueni mnachopiga

Huwezi kupiga pizzica bila kujua habari ya tarantismo. Kwa karne nyingi huko Salento, mtu, mara nyingi mwanamke wa mashambani, alisemekana ameumwa na buibui. Alianguka, alilia, alikataa chakula. Familia iliita wapigaji: tari, fidla, kodiani, wakaja nyumbani wakajaribu nyimbo moja baada ya nyingine mpaka wapate ile inayomwinua. Alicheza kwa saa nyingi, siku mbili, siku tatu. Kisha tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Paulo, alikwenda kwenye kanisa dogo la Galatina kushukuru au kuomba tena.

Mwaka 1959 mwanazuoni Ernesto de Martino alikwenda huko na timu yake, akiwemo Carpitella, wakayaona na kuyaandika hayo. Mpiga fidla mkuu wa tiba hiyo alikuwa Luigi Stifani, kinyozi wa mji wa Nardò, ambaye watu walimwita *mesciu* Gigi, yaani Fundi Gigi. Alinyoa watu mchana na alipoitwa alikwenda na fidla yake kwa mgonjwa.

Nilipomsimulia mama yangu haya kwa simu, hakuniuliza buibui ni wa aina gani. Aliuliza: "Na baada ya kupungwa, alipona?" Anayejua ngoma ya pepo anaelewa mara moja kwamba kuna maumivu ambayo mwanamke maskini hakuwa na ruhusa ya kuyasema kwa maneno, na ngoma ilimpa nafasi. Kwa hiyo kwenye onyesho msimfanye yule mwanamke kichekesho. Msimtume mchezaji akajigaragaze jukwaani na nguo nyeupe ili watalii wapige picha. Kama mnataka kueleza historia, semeni sentensi tatu kwa heshima kisha pigeni.

Hatua ya 8: Orodha ya nyimbo, na haki zake

Kwa onyesho la saa moja na nusu mnahitaji vipande 14 hivi. Wekeni pizzica sita za kasi tofauti, tammurriata mbili, saltarello moja, walsi au mazurka moja ili wazee nao wainuke, bembelezo moja, serenata moja (wimbo wa kumwimbia mpenzi usiku), wimbo mmoja wa kazi, na mmoja wa stornelli. Stornelli ni beti fupi za kujibizana, nyingi zinaanza kwa kutaja ua fulani, na waimbaji wawili hurushiana maneno ya mapenzi au ya matani. Mashabiki wa malumbano ya washairi wetu watazipenda. Na mkijifunza kuzitunga papo hapo kwa jina la bwana harusi, mtaalikwa tena.

Desemba ni soko la pekee. Wachungaji wa milima ya kati na kusini walikuwa wakishuka mijini kabla ya Krismasi na zampogna, zumari lenye mfuko wa ngozi, pamoja na ciaramella, ambayo ukiiona utasema ni zumari letu la pwani: mwanzi wa midomo miwili, tundu mbele, mdomo mpana kama tarumbeta. Kama kuna mpiga zumari kati yenu, mpeni kazi hii.

Kisha tenganisheni nyimbo za jadi na nyimbo zenye watunzi. Wengi wanadhani "Funiculì funiculà" ni ya jadi, kumbe ilitungwa mwaka 1880 na Luigi Denza kwa maneno ya Peppino Turco, ikisherehekea treni ya kamba ya Vesuvio. "'O sole mio" ni ya mwaka 1898, ya Capurro na Di Capua, na mwaka 2002 jaji wa Torino aliamua kwamba Alfredo Mazzucchi naye ni mtunzi wake. Mazzucchi alifariki mwaka 1972, na ulinzi wa haki huhesabiwa miaka 70 tangu kifo cha mtunzi wa mwisho, kwa hiyo wimbo huo una mwenyewe mpaka 2042. Msiupige mkidhani ni wa bure.

Mkiwa Italia, anayeandaa shughuli ya hadhara hushughulika na SIAE, chama cha haki za watunzi, na bendi hujaza borderò, orodha ya nyimbo zilizopigwa. Jazeni kwa ukweli. Wimbo wa jadi andikeni ni wa jadi, na kama mpangilio mmeuchukua kwa bendi nyingine, utajeni. Tena waandikeni waliowafundisha kwenye karatasi za maonyesho yenu. Wazee wengi waliimba kwenye mashine za watu na hawakupata hata nakala.

Hatua ya 9: Mazoezi

Kaeni duara, magoti yakaribiane, bila maiki. Kama humsikii mpiga gitaa, unapiga kwa nguvu mno wewe, si yeye anayepiga kwa sauti ndogo. Rekodini kila mazoezi kwa simu iliyowekwa katikati na sikilizeni siku ya pili, si usiku uleule, kwani usiku uleule kila mtu anajisikia yeye tu.

Mpangilio wa pizzica unaofanya kazi: tari peke yake kwa mizunguko minne ili wachezaji wajipange, kodiani inaingia na kibwagizo, mwimbaji ubeti wa kwanza, wote waitikie, kibwagizo tena, fidla, beti mbili, kisha mnaacha tari na makofi peke yake. Hapo kwenye ukimya wa vyombo ndipo wachezaji hufanya mambo yao mazuri. Msiwakatize kwa kukumbuka kwamba ubeti wa nne bado. Beti hazina idadi kamili, mwimbaji anaangalia watu na anaamua.

Sasa yule mchezaji niliyemtaja kwenye hatua ya pili. Harusi yetu ya kwanza, kijiji kimoja karibu na Lecce, tulianza vizuri, watu wakajaa uwanjani. Mimi nilikuwa kwenye tari, na furaha ikanipanda. Kila walivyoshangilia niliongeza kasi. Wimbo wa tatu wamebaki vijana tu, wa nne wamebaki wawili, wa tano nilikuwa nawapigia viti. Bibi mzee wa bwana harusi alikuja akanishika kiwiko akasema kwa lahaja yake kwamba miguu yake haikuchoka, bali haikupata pa kukanyaga. Tangu siku hiyo kila mazoezi mmoja wetu anasimama katikati anacheza, na mpiga tari haangalii vidole vyake wala wenzake. Anaangalia visigino vya anayecheza. Kisigino kikichelewa kutua, punguza.

Kasi ikipanda, ipande kwa sababu wachezaji wameivuta, na ipande kidogo kidogo ndani ya wimbo mzima.

Hatua ya 10: Jukwaani, uwanjani, na kwenye duara

Ukumbi wa watu 60 hauhitaji spika. Tari litajaza peke yake, shida ni fidla na sauti kumezwa. Mpiga tari asimame nyuma na pembeni, ngozi ikielekea wenzake badala ya watu. Fidla na mwimbaji mbele kabisa. Kodiani katikati kwa sababu wote wanaifuata. Nje uwanjani, chukueni maiki moja nzuri mbele ya mwimbaji na fidla, nyingine kwa gitaa, basi. Tari likiwekewa maiki, visahani vyake vinageuka mchanga masikioni. Mkilazimishwa na fundi sauti, mwombeni aiweke mbali, urefu wa mkono na nusu, usawa wa tumbo.

Ombeni nafasi ya kucheza mbele yenu, mita nne kwa nne angalau, bila viti. Mwenye mkahawa atataka kuweka meza hapo. Mwelezeni mapema, kwa maandishi, siyo saa moja kabla.

Mwisho, Torrepaduli. Mkifika huko msiende na sare wala bango la bendi. Pale mtu huingia duarani akiwa mpigaji mmoja kati ya wapigaji. Simama nyuma kwanza, tari chini ya kwapa, upige makofi mpaka mapigo yao yawe yako. Katikati ya duara wanaume wawili wakicheza *scherma*, ngoma ya mapigano ambayo vidole vilivyonyooshwa ni visu, usisogee wala usinyanyue simu mbele ya nyuso zao. Subiri mpigaji mmoja achoke atoke, mwangalie aliye jirani na nafasi hiyo, akikupa ishara ya kichwa ingia. Anza na visahani tu, kwa mkono wa kushoto, kimya kimya. Mizunguko minane ikipita na hakuna aliyegeuka kukutazama, weka gumba kwenye ngozi.